Nyoka wa nyuma ya jiko: kwa nini wanarudi kila masika, na la kufanya wakiuma

Swila wa kwanza, yaani fira anayetema sumu, tulimwua mwezi wa tatu, wa pili mwezi wa nne, wa tatu mwezi wa tano. Wote tuliwakuta palepale, nyuma ya jiko la nje, kwenye rundo la makumbi ya nazi ambayo mama huwashia moto. Huyo wa tatu alimtemea mdogo wangu machoni kabla fimbo haijamfikia. Jioni, macho ya kijana yalipokwisha kuoshwa na watu kutulia, shangazi akatuuliza sisi wenye fimbo: "Kila mwezi mnaua mpangaji, mbona nyumba yake mmeiacha?"

Shamba letu liko Muheza, upande wa tambarare chini ya milima ya Usambara Mashariki. Ni michungwa, minazi ya tangu enzi za babu, mihogo, kuku wa kienyeji na mbuzi wachache. Nyoka tumezaliwa tukawakuta. Lakini swali la shangazi lilinifanya nianze kuuliza upya mambo niliyodhani nayajua, kwa wazee, kwa waganga wa hospitali na kwa watu wa maliasili, na nimegundua kwamba tunaposema neno "nyoka" tunafunga pamoja mambo matatu tofauti: kwa nini anakuja, ni nyoka gani, na nini kifanyike akiuma. Tukiyachanganya tunakosea yote matatu.

Tuanze na kuja kwake. Ukimwacha chatu mkubwa, hakuna nyoka wa huku kwetu anayeweza kummeza binadamu, kwa hiyo hakuna anayetuwinda. Kwake sisi ni hatari yenye miguu miwili. Anachofuata ni chakula, maji na mahali pa kujificha, na mji wa shamba wa Pwani unampa vyote hivyo ndani ya hatua ishirini.

Fuata punje moja ya mahindi uone. Tunaweka mahindi darini juu ya jiko ili moshi uyalinde na wadudu. Usiku panya wanapanda, wanatafuna, wanadondosha. Asubuhi tunafagia zile punje na kuzitupa kwa kuku, zinazobaki zinaliwa na panya tena usiku. Panya wanachimba mashimo chini ya ukuta wa udongo na kuzaliana ndani ya rundo la makumbi. Nyoka anapita pembeni mwa uwanja huku ulimi wake ukiingia na kutoka, na ule ulimi si mwiba wala silaha, ni pua: unakusanya harufu hewani na ardhini na kuipeleka kwenye kiungo maalumu kilicho juu ya kinywa chake. Njia ya panya kwake inasomeka kama barabara ya lami. Anaifuata hadi kwenye makumbi, anakula, na akishashiba anakuta mahali penye giza, joto na ukavu. Kwa nini aondoke?

Maji yana mnyororo wake. Pale tunapoogea na kuoshea vyombo hapakauki, vyura wanajaa, na swila anapenda chura kama anavyopenda panya. Kuku nao wana mayai na vifaranga. Masika yakifika mambo yanaongezeka: mashimo yanajaa maji, panya wanahamia sehemu kavu, ndiyo nyumbani, nyasi zinapanda hadi magotini, na sisi wenyewe tuko shambani kutwa tunapalilia kwa mikono. Ndiyo maana nyoka wanaonekana kama wameongezeka ghafla.

Kuua hakutatui kwa sababu hiyo. Ukimwua aliyepo, chakula na maficho vinabaki, na mwingine anayapata. Kisha kuna jambo la pili ambalo watu hawalipendi kulisikia: watu wengi huumwa wakati wanajaribu kumwua nyoka ambaye, wangemwachia njia, angeondoka. Hata aliyekatwa kichwa si wa kuchezea, kwani kichwa kilichotengana na mwili kinaweza kuuma kwa muda baadaye, na kwa sumu ileile. Watoto wafukuzwe kabisa kwenye mzoga, na wa kumzika atumie jembe.

Na la tatu, tunaua wasio na hatia. Kuna nyoka mmoja wa kahawia, mwembamba, mwenye mistari miwili myeupe hafifu usoni, anayepanda kuta usiku. Hana sumu. Kazi yake ni kula panya na mijusi. Mimi mwenyewe niliwahi kumulika mmoja kwa tochi akiwa juu ya boriti, amemzungushia panya mwili mara tatu, hasikii la mtu wala la tochi, na nilisimama pale hadi mkia wa panya ulipopotea kinywani mwake. Wa aina hiyo tumeua wengi sana kwenye mji wetu, halafu tukaenda dukani kununua sumu ya panya.

Sasa, nyoka gani? Hapa ndipo hofu yetu inapokosa shabaha, maana tunawaogopa zaidi walio mbali kuliko walio miguuni.

Koboko ana sifa kubwa kuliko wote, na sumu yake inastahili sifa hiyo. Si mweusi kama jina lake la kigeni, black mamba, linavyodai, ni wa rangi ya kijivu au kahawia ya zeituni, na weusi uko ndani ya kinywa. Anaweza kufika mita tatu na zaidi. Lakini hukaa kwenye vichuguu, mapango ya mawe na vichaka, na akisikia watu huondoka mapema. Ndugu yake wa kijani anaishi juu ya miembe, mikorosho na minazi, hushuka kwa nadra, na wakweaji wanamjua kuliko mtu mwingine yeyote. (Redioni utasikia wakimwita "mamba wa kijani", na bibi kila akisikia hivyo huuliza ametoka mto gani. Jina hilo limetoka Kusini mwa Afrika, kwetu mamba ni wa mtoni.) Tatizo ni kwamba wapo nyoka wengine wa kijani wasio na madhara yoyote, wembamba, wenye macho makubwa, wanaokula vyura kwenye migomba. Kwa macho ya mtu aliyeshtuka hawatofautiani. Ushauri wangu ni kutojaribu: kila wa kijani mwachie mti wake.

Juu ya miti hiyohiyo yupo mwingine mwenye kichwa kifupi na jicho kubwa mno, dume mara nyingi kijani na jike kahawia, ambaye Afrika Kusini humwita boomslang. Huyu ni mpole na haumi ovyo, na kwa miaka mingi hata wataalamu walidhani si wa kuua. Mwaka 1957 Karl Schmidt, bingwa wa nyoka wa jumba la makumbusho mjini Chicago, aliumwa na mtoto wa nyoka huyu aliyeletewa kumtambua. Hakwenda hospitali. Alirudi nyumbani, akaandika kila alichohisi, asubuhi akapata kifungua kinywa akijiona nafuu, na mchana akafariki kwa kuvuja damu ndani ya mwili. Nasimulia kisa hiki kwa sababu nimesikia mara nyingi watu wakisema, "Saa sita zimepita, mbona mzima? Hakuwa na sumu." Sumu ya kuharibu damu haina haraka.

Swila ni habari nyingine, kwa kuwa yeye anapenda kwetu. Ni fira anayetema. Kuna aina zaidi ya moja katika Afrika Mashariki, na kubwa kuliko zote ilitambuliwa rasmi kuwa aina ya peke yake mwaka 2007 tu, ikaitwa Naja ashei kwa heshima ya James Ashe aliyeanzisha kituo cha nyoka Watamu, Kenya. Swila anaweza kurusha sumu mita mbili hivi, na analenga uso. Kwenye ngozi nzima haidhuru, kwenye jicho inachoma kama pilipili iliyosagwa na inaweza kupofusha. Dawa ni maji, mengi, papo hapo. Mdogo wangu tulimlaza ubavu, shangazi akamfungua kope kwa vidole na mimi nikawa namimina kata baada ya kata hadi ndoo mbili zikaisha, naye akilia tumwache ajifikiche. Kujifikicha ndiko hasa kunakochubua jicho. Kama maji hayapo, maziwa yanafaa. Kisha hospitali wakatazame jicho, hata kama maumivu yamepungua. Naye swila anauma pia, si kutema tu, na usiku huingia ndani akifuata panya au vifaranga, ambapo anayelala chini kwenye mkeka yuko hatarini zaidi. Chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro kinazuia mbu na kinamzuia nyoka vilevile.

Lakini ninayemhofia kuliko wote ni kifutu, ambaye Pwani wengi humwita moma au bafe. Ni mfupi, mnene, ana michirizi ya rangi ya majani makavu. Wengine wote wakisikia mguu wa mtu huondoka, yeye hubaki. Ulinzi wake ni kutokuonekana, na anaufanya vizuri kiasi kwamba unaweza kupita karibu naye mara kumi usijue. Mara ya kumi na moja unamkanyaga. Hazai mayai ila watoto hai, mara nyingi ishirini hadi arobaini kwa uzao mmoja, na jike mmoja mwenye asili ya Kenya aliyefugwa katika bustani ya wanyama huko Cheki alizaa 156. Wanazaliwa wakiwa na sumu tayari.

Wengine nitawataja haraka. Chatu hana sumu, anachukua kuku na mbuzi wadogo, na ukimwona mkubwa waite watu wa maliasili wa wilaya badala ya kumkusanyia vijana na mapanga. Ndumakuwili yule wa udongoni, anayeonekana kama ana vichwa viwili, hula mchwa na siafu na hana lolote baya. Ila angalia: yupo mwingine mdogo mweusi wa udongoni anayefanana naye, ambaye meno yake hutokea pembeni ya mdomo, hivyo hata ukimshika nyuma ya kichwa anakuchoma, na sumu yake haina dawa maalumu. Watoto wasiokote nyoka yeyote wanayemchimbua kwenye matuta.

Turudi uwanjani. Baada ya swali la shangazi tulihamisha makumbi na kuni mbali na jiko, tukayaweka juu ya uchanja wa miti wenye kimo cha goti, ili chini paonekane na upepo upite. Mahindi tuliyapukuchua na kuyatia kwenye mapipa yenye vifuniko. Banda la kuku tuliliinua kwa nguzo, tukalifungia wavu wenye matundu madogo, na chakula cha kuku hakilali nje tena. Tulifyeka ukanda wa hatua tano kuizunguka nyumba na mama anaufagia kila asubuhi, kwa kuwa nyoka hapendi kuvuka mahali peupe, na akivuka anaacha alama kwenye mchanga. Maji ya kuogea tuliyachimbia mfereji hadi kwenye migomba. Mashimo ya ukutani tuliyaziba kwa udongo na kipande cha bati chini ya mlango. Ilituchukua wikendi tatu na gharama kubwa ilikuwa mapipa. Nyoka hawajaisha, ila tangu hapo hatujamkuta hata mmoja nyuma ya jiko.

Na dawa za kufukuza? Kuchoma tairi, salfa, kitunguu saumu, mafuta ya taa kuzunguka nyumba: sijapata ushahidi wowote wa kuaminika kwamba vinafanya kazi, na mafuta ya taa karibu na jiko ni ajali inayosubiri. Mluzi wa usiku haumwiti, kwani nyoka hana sikio la nje. Anachosikia vizuri ni mtikisiko wa ardhi. Hilo la mwisho lina faida: ukitembea gizani, kanyaga kwa kishindo, uwe na tochi na viatu vya kufunika mguu. Kandambili hazimzuii kifutu.

Sasa akiuma. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu binamu yangu anatembea na vidole vitatu kwenye mguu wa kulia.

Ilikuwa magharibi, anakwenda kufunga mbuzi. Alisikia pumzi nzito kama mtu anayevuta kamasi, kisha kama nyundo kwenye vidole vya mguu. Tulichofanya ni kile ambacho kila mtu angefanya: tulikata tyubu ya baiskeli tukaukaza mguu juu ya kifundo hadi ngozi ikawa nyeupe, mzee mmoja akachanja kwa wembe, na tukamkalisha kwa mganga akiwekewa jiwe la nyoka hadi usiku wa manane. Mguu ukavimba ukafika gotini, ngozi ikang'aa. Kituo cha kwanza cha afya tulichofika hakikuwa na dawa. Cha pili kilikuwa nayo, lakini kumekucha.

Daktari alitueleza kwa upole, na maneno yake ndiyo ninayoyarudia hadi leo. Sumu ya kifutu inaua nyama pale ilipoingia. Ukikaza tyubu unaifungia palepale na kuinyima nyama damu, vinakuwa vifo viwili mahali pamoja. Wembe unaongeza kidonda na damu, na kunyonya hakutoi kitu. Jiwe la nyoka ni mfupa uliochomwa. Linanasa kwenye kidonda kwa sababu lina vitundu vinavyofyonza unyevu, na sumu imeshapita zamani.

"Lakini watu wanapona kwa mganga," nikasema. Akajibu kwamba ndiyo, wanapona, na sababu ni nyoka wenyewe. Nyoka wengi hawana sumu ya kumdhuru mtu, na hata wenye sumu mara kadhaa huuma bila kuitoa. Mgonjwa wa namna hiyo angepona hata akiwekewa jani la mgomba. Mganga haongopi anaposema amewaponya wengi. Hajui tu ni wangapi hawakuwa na cha kuponywa, na yule mmoja mwenye sumu ya kweli ndiye anayepoteza saa zake pale.

Kinachotakiwa ni rahisi kukisema na kigumu kukifanya watu wakilia. Ondoka karibu na nyoka, usimfukuze. Mvue mgonjwa pete, bangili, shanga na kiatu kabla ya uvimbe. Mlaze, mtulize, asitembee wala kukimbia, maana misuli ikifanya kazi inasukuma sumu. Funga kiungo kwenye ubao au fito kama mtu aliyevunjika, kisilegee wala kisikaze damu. Akianza kutapika au kulegea, mlaze kwa ubavu wa kushoto. Asipewe pombe wala aspirini. Kama mtu ameshafungwa kamba ya kukaza, msiikate njiani. Ifunguliwe hospitali penye wahudumu. Piga picha ya nyoka ikiwa ni salama, la sivyo inatosha kusimulia.

Sumu ya koboko inafanya kazi tofauti: kope zinalegea, maneno yanakuwa mazito, kisha pumzi zinakatika. Mtu huyo anaweza kuonekana amekufa huku anasikia kila mnachosema. Kumpulizia pumzi mdomoni hadi hospitali kunaweza kumwokoa, kwa hiyo msikate tamaa wala msianze kumlilia.

Huko hospitali, wasiomjua nyoka wana kipimo ambacho kilinishangaza kwa wepesi wake: damu kidogo inawekwa kwenye chupa safi ya kioo, inaachwa dakika 20 bila kuguswa, kisha inainamishwa. Ikitiririka bila kuganda, sumu imo kwenye damu. Dawa yenyewe hutengenezwa kwa kumdunga farasi sumu kidogo kidogo hadi damu yake ijifunze kuipinga. Inanasa sumu iliyo mwilini, haifufui nyama iliyokufa, na ndiyo maana saa zina thamani. Mtoto hupewa kiasi kilekile cha mtu mzima, kwa sababu kiasi kinafuata sumu ya nyoka na si uzito wa mtu. Na wapo wanaodhurika na dawa hiyo, kwa hiyo hutolewa penye daktari, si nyumbani.

Kwa nini ni adimu? Ni ghali, inahitaji ubaridi mara nyingi, na wanaoihitaji ni wakulima wasio na fedha. Kampuni ya Sanofi Pasteur iliacha kutengeneza Fav-Afrique, iliyokuwa inafaa kwa nyoka 10 wa Afrika, mwaka 2014, na akiba ya mwisho ikaisha muda mwezi Juni 2016. Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa mwaka 2017, na linakadiria vifo kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka duniani, na waliobaki na ulemavu takriban mara tatu ya hao. Lengo lililowekwa ni kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo 2030. Nadhani ni haki yetu kuuliza kwenye mikutano ya kijiji kama dawa ipo kwenye kituo chetu, na kama haipo, iko wapi.

Sisi tuliuliza kabla ya masika ya mwaka uliofuata. Tunajua sasa ni hospitali ipi ya kwenda moja kwa moja bila kupitia kwingine. Tumekubaliana na dereva wa bodaboda wa jirani kwamba akipigiwa usiku anakuja, na mgonjwa atapakiwa mshikaki, katikati, mtu wa nyuma akimshika asianguke. Simu zetu huzima chaji mara kwa mara, kwa hiyo mama ameandika namba ya dereva huyo kwa mkaa ukutani, pembeni ya msumari wa tochi.